Vidonge Vilivyotimia

Sajini Parmuat alikuwa akiomba Mungu mtu awe amelishwa sumu. Si jambo la kumwambia mtu, na hakumwambia yeyote, lakini asubuhi ile ya Alhamisi, Januari 1999, akiwa amesimama mlangoni mwa wodi ya wanaume pale Kajiado na kofia kaibana kwapani, ndilo aliloomba. Kama Awale amelishwa sumu, basi kuna aliyemlisha, na huyo atatafutwa na atapatikana. Kama hakulishwa, maswali yote yatarudi kituoni, kwenye seli ambamo Parmuat mwenyewe alimfungia jana yake saa nne asubuhi kwa kosa la ulevi.

Awale alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, Msomali wa pale Kitengela, mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na chupa mkononi. Jana alionekana barazani kwa baa ya Githongo akiyumba, ulimi mzito, mikono inatetemeka, shati kalitapikia. Ilikuwa siku ya soko. Parmuat alimkamata kola mbele ya umati akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye zizi la mbuzi, "Hata Ramadhani, Awale? Huoni aibu?" Watu walicheka, na Parmuat ndiye aliyeanza.

Leo alfajiri askari wa zamu alimkuta Awale sakafuni akirusharusha miguu, hamjui mtu. Mkuu wa kituo hakusema mengi. "Wewe ndiye ulimleta. Nitafutie aliyemlisha kabla ndugu zake hawajajaa hapa."

Naserian, tabibu wa zamu, alitoka wodini akijifuta mikono. Alikuwa binti wa mtu wa rika la Parmuat, kwa hiyo, koti jeupe na yote, aliinamisha kichwa, na Parmuat akakigusa kwa kiganja kama desturi ya Kimasai inavyotaka.

"Baba, huyu mtu alikula nini?"

"Hiyo ndiyo nimekuja kukuuliza. Mimi nafikiria dawa ya kuogesha ng'ombe. Kuna mtu amemwekea. Tulijaribu kumpa maziwa kule kituoni."

"Nani aliwaambia mumpe maziwa?"

"Si mtu wa sumu hupewa maziwa?"

"Mtu hajitambui na mnammiminia maziwa? Hayo yanaingia kwa mapafu. Bahati yake aliyatema." Naserian alimvuta hadi kitandani. "Kuja uone. Dawa ya kupe naijua, tunaletewa wagonjwa wake kila mwezi. Mtu anatoa mate, machozi, jasho, na mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu ya sindano. Huyu angalia mdomo."

Parmuat aliangalia. Midomo ya Awale ilikuwa imepasuka, na ulimi ulikuwa mkavu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Mboni za macho zilikuwa za kawaida. Naserian aligonga goti la mgonjwa kwa ncha za vidole, na mguu ukaruka juu kwa nguvu isiyotarajiwa kwa mtu aliyelala hivyo.

"Na pombe sio," akaendelea. "Ungesikia harufu. Jana ulisikia harufu?"

"Sikumkaribia sana," alisema Parmuat. Mkono ulioshika kola ya Awale aliuficha nyuma ya kofia.

Naserian alimtazama kidogo, kisha akaacha. "Nimemwekea maji ya mshipa yenye chumvi, na mpira wa mkojo. Kuna dawa moja ya hospitali inaweza kumfanya mtu hivi. Niliiona nikiwa mafunzoni Nairobi, kwa wodi ya wagonjwa wa akili. Sitaitaja, nisikupe jibu la kutafuta. Enda kwake uniletee kila kidonge, kila karatasi ya dawa. Ambulansi inaenda Nairobi saa saba. Figo zikilala, hapa hatuna mashine ya kumsafisha damu. Nikijua ni nini, nitapiga simu wamngoje na hiyo mashine. Nisipojua, atawekwa kwa foleni na wengine."

"Atapona?"

"Tukichelewa anaweza kupona na bado asitembee vizuri, asiongee vizuri. Huko kutetemeka kunaweza kubaki naye maisha yake yote."

Ilikuwa saa tatu na robo.

Landrova ya kituo iliitafuna barabara ya Isinya huku Konstebo Mbithe, askari wa kike, akiendesha na Parmuat akitazama nyika iliyokauka. Ndugu wa mgonjwa, kijana aitwaye Aweys, alikuwa amefika kituoni alfajiri akipiga kelele kwamba Githongo mwenye baa ndiye muuaji. Githongo na Awale walikuwa hawasemezani tangu Krismasi, kwa sababu ng'ombe wa Awale walikuwa wakipitishwa mbele ya baa na kuwajaza wanywaji vumbi. Halafu Jumanne jioni, ghafla, Githongo akampelekea Awale supu ya kufungulia saumu. Parmuat aliipenda sana supu hiyo. Njia nzima aliigeuza kichwani, na kila alipoigeuza ilionekana mbaya zaidi.

Githongo walimkuta akipanga kreti. Alikuwa mtu mnene, mwenye aproni iliyokuwa nyeupe zamani.

"Ulimpelekea Awale supu."

"Nilimpelekea. Ni makosa?"

"Mmekosana mwezi mzima, halafu unampikia?"

"Si ndiyo sababu nilimpikia, afande! Nilichoka kununiana na jirani. Hata nilinunua sufuria mpya, ndiyo asiseme ile yangu imepika nguruwe."

"Nyama ilitoka wapi?"

"Kwake, ndiyo iwe halali kwao. Mbuzi ni wao, na aliyechinja ni huyo huyo Aweys anayenitukana. Mimi nilitoa sufuria, chumvi na makaa."

"Nani mwingine alikunywa?"

"Nyumba mzima. Watoto walirudisha thamosi tupu na wakauliza kama kuna ingine." Githongo aliweka kreti chini. "Kuna mtu mwingine mgonjwa hapo kwao?"

Hakukuwa na mwingine. Parmuat alijua hilo tangu alfajiri ila hakutaka kulijua. Akajaribu upande mwingine. "Sasa jana alifuata nini kwa baa yako?"

"Choo," alisema Githongo. "Alikuja mara mbili akiomba choo. Tumbo lilikuwa linamwendesha, maskini, hata kusimama ilikuwa shida. Nilitaka kukuambia, lakini ulikuwa ushamshika, na watu wanacheka." Alijifuta mikono kwenye ile aproni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi pia nilicheka. Sasa nimekaa na hiyo kitu kwa roho tangu jana."

Mbithe alifunga daftari. Parmuat alitoka nje kabla hajaulizwa kama yeye pia amekaa nayo.

Nyumba ya Awale ilikuwa ya mawe, nyuma ya soko la mifugo, ua umefagiwa safi. Mkewe, Asho, aliwakaribisha kwa salamu na kuwawekea viti, kisha akaketi mkekani. Jana kutwa alidhani mumewe amekwenda Rombo kuangalia ng'ombe, na habari ya seli ilimfikia alfajiri. Aliyesema ni Aweys, amesimama, hakai.

"Afande, muuaji ako pale baa na wewe uko hapa!"

"Supu mlikunywa nyote, Aweys." Parmuat alimgeukia Asho. "Mama, mume wako anatumia dawa yoyote?"

"Hakuna. Mume yangu hana ugonjwa."

Mbithe alimimina juu ya meza ndogo bahasha ya vitu vilivyotolewa mifukoni mwa mahabusu. Zilitoka tasbihi, funguo mbili na karatasi ya vidonge iliyotobolewa yote. Jana Parmuat aliiandika kwenye orodha kwa mkono wake, "karatasi ya dawa, tupu," na hakujiuliza.

"Na hii?"

"Ya jino," alisema Asho. "Jino inamsumbua wiki mbili. Nilimnunulia brufeni kwa duka ya dawa."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu, wallahi." Kiapo kilimtoka haraka, na alipokwisha kukitoa akafunga macho.

Parmuat alikuwa mpelelezi kwa mwaka wa kumi na moja, na kazi hiyo alikuwa akiiweza pale alipokubali kuifanya. Alizungusha macho chumbani. Chetezo cha kuchomea ubani kilikuwa dirishani, kimepigwa vumbi, hakijatiwa moto siku nyingi. Lakini kopo la ubani halikuwa karibu nacho. Lilikuwa kwenye trei ya daku, katikati ya chupa ya chai na bakuli la tende, mahali pa kitu kinachoshikwa kila alfajiri.

"Aweys," alisema, "nataka kuona dawa zote za kuogesha ng'ombe mlizo nazo. Lete mikebe yote kutoka bomani, hata iliyoisha."

Kijana alitoka mbio, akiona kwamba hatimaye kuna kazi ya maana inafanyika. Mbithe alihamia mkekani karibu na Asho. Parmuat alibaki kitini, mlango wazi, akasema kwa upole.

"Mama, nani anachoma ubani akila daku?"

Asho alilitazama kopo, kisha mlango.

"Naweza kulifungua mimi. Lakini nataka ulifungue wewe."

Alilifungua. Chini ya tabaka jembamba la ubani mlikuwa na chupa ya plastiki yenye vidonge vyeupe. Parmuat alisoma kibandiko. Lithiamu. Kimoja mara tatu kwa siku. Vidonge themanini na vinne, vimetolewa tarehe ishirini na mbili Desemba.

Basi hicho ndicho. Mtu kapewa vingi, au kajimezea vingi, na vyote viwili ni kesi. Alivimimina juu ya bahasha akaanza kuvitenga vitatu vitatu, jinsi mbuzi wanavyotengwa mlangoni pa zizi, na moyo ulianza kumtulia. Tangu tarehe ishirini na tatu hadi jana ni siku ishirini na mbili, vidonge sitini na sita. Vilipaswa kubaki kumi na vinane.

Vilikuwa kumi na vinane. Akahesabu tena, na Mbithe akahesabu baada yake. Hakuna hata kimoja kilichozidi wala kupungua. Laiti vingepungua hata vitano tu, Parmuat angemshukuru Mungu, na wazo hilo lilimtia aibu hata kabla halijaisha.

"Ni ya nini, mama?"

"Ya kichwa." Asho alisema akitazama mkeka. "Miaka sita sasa. Mbele ya hii dawa alikuwa halali siku nne, siku tano. Anauza ng'ombe yote, ananunua tena, anapanda juu ya lori anahubiri kwa soko. Watoto wanamwona. Tulihama Garissa sababu ya hiyo. Hapa hakuna mtu anajua. Hata Aweys hajui."

"Ndugu yake wa damu?"

"Aweys akijua, ukoo inajua. Niko na wasichana wawili, afande. Nani ataoa kwa nyumba hiyo?"

Mbithe alimshika mkono. Parmuat alivuta kiti karibu. "Sasa na Ramadhani, hizo za mchana anameza vipi?"

"Zote tatu, daku. Na kikombe moja ya maji, sababu anaamka adhana ikiwa karibu."

"Lakini mgonjwa si anaruhusiwa asifunge? Hata mimi Mmasai wa kanisa najua hiyo."

"Anaruhusiwa. Daktari yake Nairobi alimwambia hata asijaribu. Lakini watu wanauliza, ni ugonjwa gani? Mwanaume amesimama, anabeba mbuzi kwa bega, anakunywa maji mchana mbele ya watu? Angewaambia nini?" Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Wewe ungewaambia nini?"

Parmuat alirudisha vidonge ndani ya chupa, kimoja kimoja. Saa ilikuwa inakimbia.

Walifika Kajiado saa sita na nusu, Asho na Mbithe mbele, Aweys na Parmuat nyuma pamoja na mikebe minne ya dawa ya kupe ambayo hakuna aliyeihitaji tena. Naserian aliwapokea kwenye veranda ya wodi. Alisoma kibandiko mara moja tu.

"Ndiyo hii. Ndiyo niliogopa." Akamwita nesi, akamtuma kwenye simu. "Waambie Nairobi ni lithiamu, watayarishe mashine na wapime kiwango kwa damu. Na hakuna kidonge kingine anapewa, hata cha maumivu."

"Lakini vidonge vimetimia," alisema Parmuat. "Nimehesabu. Hakumeza zaidi."

"Hakuhitaji kumeza zaidi. Hii dawa ya ugonjwa wa akili ni kama chumvi, baba, na inatoka kwa mkojo peke yake. Mwili ukikosa maji, figo zinaishika, haziiachilii. Anameza zile zile tatu kila siku, lakini ndani zinajazana. Siku ishirini na tano za kufunga, na hili jua. Halafu kuna hii brufeni, nayo inazifunga figo zaidi. Kwanza mikono inatetemeka, tumbo linaharisha, mtu anatapika. Hapo maji yanaisha kabisa. Ndipo anayumba, ulimi unakuwa mzito, anaonekana mlevi."

Aweys alikuwa akimtazama shemeji yake. Alikuwa ameelewa ni dawa ya nini, na kwamba ilifichwa hata kwake, na uso wake mchanga haukujua ukae vipi.

"Basi ni mimi," alisema Asho. "Brufeni nilinunua mimi. Ni mimi nimemuua."

"Hajakufa, mama," alisema Naserian.

"Ni mimi."

Parmuat aliiona ripoti yote imejiandika mbele yake, fupi na safi: mgonjwa aliyeficha ugonjwa, mke aliyenunua dawa ya jino, ajali ya nyumbani, faili limefungwa. Mkuu wa kituo angefurahi. Hata Asho mwenyewe alikuwa tayari kuibeba, alishauinua mzigo mzima kichwani.

Naserian alikuwa akiandika barua ya Nairobi juu ya goti. "Bado kitu kimoja. Alikunywa maji mara ya mwisho saa ngapi? Daku ya jana, sindio? Na kule kituoni?"

Jioni chakula kililetwa seli na ndoo ya maji, na Awale alipewa, akatapika. Hilo lilikuwa kweli. Parmuat angeweza kulisema hilo na kunyamaza, na lisingekuwa uongo. Alitazama kalamu ya binti wa mwenzake ikingoja juu ya karatasi.

"Sio wewe, mama," alisema. "Aliniomba maji. Kuanzia saa tano asubuhi. Nilimwambia ni Ramadhani, angoje adhana ya magharibi kama Waislamu wenzake."

"Ulifikiri anafunga," alisema Mbithe, akijaribu kumsaidia.

"Sikufikiri. Nilisema hivyo ndiyo mahabusu wengine wacheke, na walicheka. Ndoo ilikuwa hapo, hatua tatu kutoka kwa mlango. Saa kumi nikatoka zamu, sikumwambia mwenzangu kitu. Na pombe sikusikia, Naserian. Nilimshika kola, uso wangu ulikuwa karibu na wake, na sikusikia harufu yoyote."

Naserian hakuinua kichwa. "Watu wa hii dawa huwa na kiu siku zote," alisema polepole, kisha akaandika: bila maji tangu alfajiri, seli, siku nzima ya joto. Akapiga mstari chini ya maneno hayo.

Mlango wa wodi ulifunguliwa. Awale alitolewa kwenye machela, chupa ya maji ya mshipa imeinuliwa juu na nesi, mkono wake mmoja unatetemeka juu ya shuka. Asho alitembea kando ya machela mpaka kwenye ambulansi. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani, alisimama, akageuka.

"Aliomba mara ngapi?"

Parmuat angeweza kusema mara moja. Pale hapakuwa na wa kumpinga, aliyejua alikuwa kwenye machela na wengine seli.

"Mara nne," alisema. "Ya nne hakuweza kusema. Alitoa tu mkono kwa nondo."

Asho alimgeukia Aweys akamweleza kwa Kisomali, taratibu, bila kulia. Parmuat hakuelewa chochote isipokuwa neno moja, kwa kuwa miaka kumi na moja kando ya soko la mifugo humfundisha mtu kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kisomali.

"Afar," alisema Asho.

Aweys aliuliza tena, kama mtu ambaye hajasikia.

"Afar," alisema, akavuta mlango.